Tuliuliza "nani" kabla ya kuuliza "nini"

Ilikuwa jioni ya majira ya mvua. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, nasi wa avenyu yetu hapa Ruashi tulikuwa tumeketi majumbani kwa mwanga wa mishumaa, mbabula zikiwaka uani kwa chakula cha usiku. Ghafla ulisikika mshindo mmoja. Hatukushtuka papo hapo, maana sisi tunaoishi karibu na machimbo tumezoea ardhi kutetemeka. Lakini mshindo huu haukutoka upande wa machimbo. Tulipotoka nje tuliona mabati ya nyumba ya nne kutoka kona yametupwa juu ya mwembe wa jirani, ukuta wa chumba cha nyuma umeangukia nje wote, na moshi unatambaa chini chini katika parsele.

Mama mwenye nyumba, mjane ambaye wengi wetu tumekula mezani pake, aliungua mikono na uso. Mpangaji wake, kijana fundi, aliokotwa mguu umevunjika. Mvulana wa miaka ipatayo kumi, mtoto wa marehemu dada yake mama huyo, alikuwa ametumwa kununua chumvi. Alirudi mbio, chumvi ingali mkononi. Hakuna aliyekufa. Tulimshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Kisha, kabla hata gari la kuwapeleka majeruhi hospitali halijapatikana, tulianza kueleza.

Tunaandika neno hilo kwa makusudi: tulianza kueleza. Hatukuuliza. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake tayari, kana kwamba alikuwa ameyaweka akiba tangu zamani, akingojea nyumba ya kuyatumia.

Wa kwanza alisema mama yule alikuwa anaficha bidoni za esansi kwa ajili ya vijana wanaouza barabarani. Alijuaje? Wiki iliyopita alimwona mtu akiingia na bidoni. Wa pili alisema ni baruti za wachimbaji wadogo, kwa kuwa mpangaji aliwahi kuonekana na watu waliotoka Kolwezi. Wa tatu alisema ni radi ya kutumwa, ingawa mvua ilikuwa imekoma tangu alasiri. Na hilo la mvua kukoma likageuka kuwa ushahidi zaidi, kwa maana radi gani hupiga bila mvua? Wa nne hakusema sababu. Aliuliza swali tu, kwa sauti ya chini: "Na huyu mtoto, mbona yeye hakuumia?"

Swali hilo lilitembea. Asubuhi tulipokuwa tunakwenda shuleni na sokoni, lilikuwa limekwisha kuwa jibu. Mtoto hakuumia kwa sababu alijua. Alijua kwa sababu ndiye. Mama yake alikufa, baba yake hajulikani alipo, na sasa nyumba iliyompokea imepasuka. Watu walihesabu misiba hiyo kama mwalimu anavyohesabu alama, wakapata jumla waliyokuwa wanaitaka. Kisha mtu akaona unga mweupe umetapakaa katika vifusi vya chumba cha nyuma. Ulikuwa mweupe kabisa, na ulishika vidole kama udongo wa waganga. Baada ya hapo hapakuwa na mtu aliyetaja tena esansi wala baruti.

Lililofuata ndilo linalotufanya tuandike makala haya. Jioni ya pili tulikwenda kusali katika uwanja ule, sisi makatekista pamoja na akina mama na akina baba wa jumuiya yetu. Mtoto alikuwa ameketi peke yake kando ya ukuta uliobaki, sahani yake imewekwa mbali na sahani za wengine. Tulipomaliza sala kwa ajili ya wagonjwa, sauti moja ilisema: "Baba katekista, mwombeeni na huyu, ninyi mnaelewa." Nasi tulielewa. Tulielewa vizuri sana maana ya ombi lile. Tungeweza kumketisha mtoto yule katikati yetu na kusema kwamba hatujui kilichopasuka. Badala yake tulimwekea mikono, tukasali sala fupi, tukaenda zetu. Kwetu ilikuwa sala. Kwa umati uliokuwa unatazama ilikuwa hukumu, tena hukumu iliyotiwa sahihi na watu wa kanisa. Siku iliyofuata ndugu wa ukoo walimpeleka katika nyumba moja ya maombi, akafungiwa huko bila chakula, na alipotolewa hakurudi tena nyumbani. Alikuwa akilala sokoni.

Siku hiyohiyo mzee mmoja wa avenyu, fundi wa kuunga vyuma aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, aliomba aongozwe mpaka kwenye vifusi. Aliukanyaga ule unga mweupe, akauchukua kidogo, akaunusa. Kisha akauliza pipa liko wapi. Pipa lilikuwa limerushwa nyuma ya choo, limepasuka kama ganda la karanga. Mzee hakuwa na maneno mengi. Alisema unga ule ni chokaa, na kwamba kijana mpangaji alikuwa ameweka ndani ya pipa lile mawe ya kijivu ya kuungia vyuma, yale ambayo kwa Kifaransa huitwa carbure. Paa la chumba lilikuwa linavuja. Kijana mwenyewe, alipoulizwa hospitalini na wenye mamlaka, alikiri yote bila kushurutishwa: alikuwa hana karakana, na mawe hayo yangeibwa kama angeyaacha nje.

Sisi tulio walimu tungeweza kulifahamu jambo hili kabla ya mzee yule, kwa maana limo katika somo la kemia. Mawe hayo yakikutana na maji hutoa gesi iitwayo asetileni, na mabaki yake ni chokaa nyeupe. Kilo moja ya mawe hutoa lita zipatazo 300 za gesi. Gesi nyingi zinazowaka huhitaji kuchanganyika na hewa kwa kipimo fulani ili zilipuke. Zikizidi sana haziwaki, zikipungua sana haziwaki. Asetileni haina adabu hiyo. Hata ikiwa sehemu mbili na nusu tu katika mia za hewa, inaweza kulipuka, na hata ikiwa sehemu themanini bado inaweza. Katika chumba kilichofungwa, kilichojaa gesi hiyo saa nzima za mvua, mshumaa mmoja unatosha. Ukuta wa matofali ya udongo hauwezi kuustahimili msukumo wake, ndiyo sababu ulianguka kwa upande wa nje.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni zito kuliko kemia. Asetileni inayotoka katika mawe hayo haiwi safi. Hubeba harufu kali inayofanana na ya kitunguu saumu. Mzee alipotuambia hivyo, tulitazamana. Karibu wote tulikuwa tumeinusa. Kila baada ya mvua, kwa wiki nzima, harufu ile ilipita juu ya kuta za parsele zetu. Mmoja wetu alidhani jirani anapika. Mwingine alidhani ni dawa ya panya. Hakuna aliyegonga mlango na kuuliza: "Mama, hii harufu ni ya nini?" Kabla ya mshindo, tulipokuwa na jambo la kweli la kusema, tulinyamaza. Baada ya mshindo, tulipokuwa hatuna jambo la kweli la kusema, tulisema usiku kucha.

Hatuandiki haya ili kuwadharau jirani zetu, ambao ni sisi wenyewe. Nyumba inapopasuka karibu nawe, hofu inayokuingia si hofu ya yaliyotokea, bali ya yanayoweza kutokea kwako usiku huu. Mtu anataka kujua upesi kwamba nyumba yake haifanani na nyumba ile. Njia iliyo fupi ni kumtafuta mtu: tukimpata mwenye kosa kule, basi huku kwetu hakuna kosa, na tunaweza kulala. Kwa sababu hiyo tunauliza "ni nani?" kabla ya kuuliza "ni nini?". Na kwa kuwa "nani" lazima awe mtu asiyeweza kujibu, swali hilo humwangukia daima mjane, mpangaji, mgeni, au mtoto asiye na wazazi.

Wala desturi hii si ya Ruashi peke yake. Tarehe 2 Julai 2010, katika kijiji cha Sange, mkoani Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka jioni kandokando ya nyumba. Mafuta yakamwagika, moto ukalipuka, ukala nyumba za udongo na nyasi pamoja na waliokuwamo. Zaidi ya watu 230 walifariki. Hata leo tukitaja Sange mbele ya watu, jibu la haraka ni lilelile: walikuwa wanaiba mafuta. Ni kweli kwamba baadhi ya watu walikimbilia lori wakiwa na vyombo vya kuchotea. Lakini ile ilikuwa jioni ya Kombe la Dunia, na wengi waliokufa walikuwa wamekaa ndani wanatazama mpira, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanawake na watoto wengi. Moto haukuwauliza kama wameshika bidoni au la. Sisi tulio hai ndio tuliowapa wote jina moja, na kwa jina hilo tukajisamehe kuuliza maswali mengine: lori la mafuta hupitaje katikati ya kijiji bila ulinzi wowote, ni nani mwenye kazi ya kuwaondoa watu mafuta yanapomwagika, na kwa nini bidoni moja ya mafuta iwe na thamani ya kumfanya mzazi akimbilie hatari.

Mfano wa pili unatoka Nairobi. Usiku wa Alhamisi, tarehe 1 Februari 2024, katika mtaa wa Mradi, eneo la Embakasi, lori lililobeba gesi ya kupikia lililipuka karibu na nyumba za kuishi. Moto uliruka juu kuliko maghorofa. Mtungi uliorushwa uliangukia ghala la nguo likateketea. Mamia ya watu walijeruhiwa, na wengine walipoteza maisha. Asubuhi yake sauti ya serikali yenyewe ilitaja kampuni moja kuwa ndipo moto ulipoanzia, na baadaye ikabidi maelezo hayo yasahihishwe. Tuone basi kwamba kukisia si ugonjwa wa maskini wasiosoma. Hata mwenye ofisi na kipaza sauti anaweza kushikwa na haraka ya kutaja jina.

Lakini Embakasi inatufundisha pia upande wa pili. Watu walipoacha kuuliza "nani aliwasha kiberiti" na kuanza kuuliza "kituo cha gesi kilifikaje katikati ya nyumba za watu", mambo ya maana yalitokeza. Mamlaka inayosimamia nishati nchini Kenya ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu katika mwaka 2023, kwa sababu hayakutimiza masharti ya usalama, hasa kwa kuwa ni karibu na makazi ya watu. Mamlaka ya mazingira, kwa upande wake, ilikubali kwamba kibali kilichotoka kwake hakikutolewa kwa njia iliyo sawa. Rais William Ruto alisema hadharani kwamba waliotoa vibali vya namna hiyo waondolewe kazini na kushtakiwa. Swali la "nini" halikumwacha mwenye hatia aende zake. Lilimpata palipo pake, kwa karatasi na tarehe, wala si kwa minong'ono.

Tunajua kuna atakayetujibu, na jibu lake lina haki. Atasema: "Ninyi mnatukataza kukisia, lakini nani atatuambia ukweli? Nyumba ikilipuka huku kwetu, anakuja mtu na kalamu, anaandika, anaondoka. Hatuoni ripoti. Tusipoeleza wenyewe, hakuna atakayetueleza." Tunakubali. Mahali penye kimya cha wakubwa, minong'ono ya wadogo hujaza nafasi. Shefu wa kartiye, bugumesta na wapelelezi wanaokuja na kalamu wana wajibu wa kurudi na kusema kile walichokiona, kwa lugha tunayoielewa, mbele ya watu walewale waliokuwa wanatazama siku ya kwanza. Maneno kumi yaliyosemwa mapema na mwenye mamlaka, kwamba chanzo hakijajulikana na kwamba hakuna anayeshukiwa, yangetosha kumrudisha mtoto mmoja mezani.

Kwamba jambo hilo linawezekana, tunalo jengo moja la London kama mfano. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, katika jengo la ghorofa 22 lililoitwa Ronan Point, mama mmoja mpangaji wa ghorofa ya 18 aliamka, akawasha kiberiti apike chai. Gesi ililipuka. Pembe nzima ya jengo ikaporomoka, ghorofa juu ya ghorofa, na watu wanne wakafa. Mama yule alinusurika. Fikirini kama jambo hilo lingetokea kwetu: amewasha kiberiti mwenyewe, jengo limewaangukia wengine, yeye yuko hai. Tungehitaji nini zaidi ili kumhukumu? Serikali ya Uingereza iliunda tume, nayo ikachunguza vipande kimoja kimoja. Iligundua kwamba nati ya shaba iliyounganisha jiko na bomba la gesi ilikuwa dhaifu, haikufikia kipimo, ikapasuka. Iligundua pia kwamba jengo lenyewe liliunganishwa kwa namna ambayo ukuta mmoja ukitoka, vingine vyote hufuata. Sheria za ujenzi zikabadilishwa. Watu wengi wanaolala salama leo katika majengo marefu wanalala hivyo kwa sababu wachunguzi hawakuridhika na jibu la kiberiti.

Hapo ndipo tunapouona ubaya wa pili wa kukisia kwetu. Ubaya wa kwanza unajulikana: humnyang'anya mtu jina lake, na jina likishachukuliwa halirudi kwa ukamilifu. Ubaya wa pili hausemwi sana: kukisia hukiacha chanzo palepale kilipo. Tulipokwisha kukubaliana kwamba nyumba ilipasuliwa na mtoto, hakuna aliyekwenda kutazama chumbani kwake mwenyewe. Na humo vyumbani kuna nini? Tuseme ukweli. Kuna bidoni za esansi chini ya kitanda, kwa sababu nje zitaibwa. Na mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, hulala sakafuni na kutambaa mpaka unapoikuta mbabula. Kuna betri za gari zinazochajiwa usiku penye watoto, nazo zikichajiwa hutoa hidrojeni. Kuna mitungi ya gesi ya kupikia inayoingia mijini kwetu kadiri umeme unavyopungua, na wengi wetu hatujui kwamba gesi hiyo nayo hukaa chini, na kwamba ile harufu yake mbaya imetiwa kwa makusudi ili ituonye. Kuna mafundi wasio na karakana wanaolala na kazi yao. Umaskini wetu umeingiza ghala, duka na kiwanda ndani ya chumba cha kulala. Tukimfukuza mtoto, vitu hivyo vyote vinabaki.

Sisi wakristo hatuna udhuru katika jambo hili, maana Injili imelizungumza wazi. Kulikuwa na mnara huko Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane. Watu wa wakati ule walikisia kama sisi. Bwana aliwauliza kama walidhani hao waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wote wa Yerusalemu, na akalijibu swali hilo mwenyewe: hapana. Kisha akawageuzia neno wale waliouliza, akawataka waangalie maisha yao. Kabla yake, kitabu cha Ayubu kilikuwa kimesimulia juu ya nyumba iliyopigwa na upepo katika pembe zake nne, ikawaangukia watoto waliokuwa ndani. Rafiki zake Ayubu walifika, wakaketi pamoja naye siku saba bila kusema neno. Zilikuwa siku zao bora. Walipofungua vinywa kueleza sababu, hata mmoja wao akathubutu kudokeza kwamba watoto wale walikufa kwa makosa yao, ndipo wakawa mzigo juu ya mzigo, na mwishowe Mungu mwenyewe aliwakasirikia.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshtaki uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu na faini. Sheria hiyo haisemi "isipokuwa nyumba imelipuka". Haisemi pia kwamba anayesali juu ya mashtaka hayo hana sehemu ndani yake. Tulipoisoma pamoja katika jumuiya, hakuna aliyetoa hoja.

Basi tufanyeje? Hatuwezi kuzuia vinywa, na wala haifai kuvizuia vyote. Jirani ndiye shahidi wa kwanza. Mara nyingi ndiye shahidi pekee. Aliyenusa harufu ana jambo la kusema. Aliyeona pipa likiingizwa ana jambo la kusema. Tunachoomba ni kwamba mtu atenganishe niliyoona na ninayodhani, kama mwalimu anavyowatenganishia wanafunzi jibu na hatua za kulifikia. "Nilimwona mtu na bidoni" ni ushuhuda. Aupeleke kwa shefu wa avenyu au kwa mpelelezi. "Alikuwa anauza esansi" ni dhana, akae nayo. Na mtu akituletea dhana yenye jina la mtoto au la mjane ndani yake, tumuulize kwa upole swali moja tu: wewe uliona nini? Tumejaribu. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Na kabla ya mshindo, tugonge milango. Katika kutembeleana kwetu kwa jumuiya tumeanza kuuliza habari za vitu kama tunavyouliza habari za watu: bidoni iko wapi, betri inachajiwa wapi, chumba kinavuja? Mwanzoni tulionekana kama wapelelezi. Mama mmoja alituambia kwamba afadhali tungekuja na mabati kuliko maswali, na alikuwa na haki. Tulichanga, tukapata bati mbili. Vijana watatu mafundi sasa wanahifadhi mawe yao katika chombo kikavu chenye kifuniko, ndani ya kibanda cha uani, mbali na moto, na mzee asiyeona vizuri ndiye mwenye ufunguo.

Kuhusu mvulana, mama mwenye nyumba alipotoka hospitali, mikono ingali imefungwa, alikataa kula mpaka aletwe. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikwenda sokoni siku nne mfululizo kabla ya kumpata. Amerudi, anasoma, anakuja katika mafundisho siku za Jumamosi. Tulimwomba msamaha mbele ya watu walewale, mahali palepale tulipomwekea mikono, na mzee fundi akaeleza tena habari za pipa na chokaa ili kila mmoja asikie. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

Hata hivyo bado wapo wanaovuka barabara wanapomwona. Naye, tunapouliza swali darasani, jibu hata kama analijua, haonyeshi kidole. Amejifunza kutoka kwetu kwamba anayejua jambo anaweza kufukuzwa. Hilo hatujaweza kulirekebisha kwa sala moja wala kwa mkutano mmoja. Tunaendelea kumuuliza, kisha tunangoja, hata kipindi kikikaribia kwisha.